Ruzuku ya sufu ilivyonitaka nirudi nyumbani nikasimame mbele ya kondoo wasio wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma hapa, wa huku Stockholm, wa Rissne, wa Spånga, wa Märsta, na mlio mbali zaidi, kaeni chini kwanza. Wakuu wengine nawasalimu pia. Kama kuna aliyenizidi umri humu ndani, shikamoo yake, ingawa sidhani yupo.

Mimi ni shosho, yaani bibi mwenye wajukuu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya pitieni tu. Naandika kwa kidole kimoja, miwani puani, na hakuna anayeniandikia. Jina la account alilichagua mjukuu, msinicheke.

Nitakayosema yamenitokea mimi, nyumbani kwangu. Mahali nisipojua nitasema sijui.

Najua humu mnaandika mambo ya kazi, makaratasi ya kukaa, na wapenzi waliowatoroka. Mimi naandika mambo ya kondoo. Asiyetaka kondoo apite.

Natoka nyanda za juu za Kenya. Kaunti sitaitaja kwa sababu nitasema mambo ya watu na watu wenyewe wana simu. Waliozaliwa huko wataijua kwa baridi yake. Mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka unamsikia jirani akikohoa na humwoni.

Kwa sababu ya hiyo baridi, kondoo wa sufu walikubali kukaa kwetu.

Nyinyi wengi mnajua kondoo wa kuchinja tu. Kondoo wa sufu ni kitu kingine. Huyo unamkata manyoya, unamwacha aende zake, yanamea tena. Manyoya yenyewe yana mafuta. Ukishakata, mikono inateleza, inanukia kondoo mpaka unapokula. Lakini ngozi ya mikono haipasuki, hata baridi iwe namna gani.

Hapa Stockholm mikono yangu inapasuka kila majira ya baridi. Binti yangu ananinunulia mafuta ya kila aina dukani. Napaka ili asione vibaya.

Zamani lori lilikuwa linakuja kuchukua sufu. Tunaifunga kwenye magunia, tunaipeleka barabarani, tunalipwa. Baadaye bei ikaanguka, lori likaacha kuja, hakuna aliyetuambia kwa nini. Watu wakaleta Dorper, wale kondoo wa nyama wenye kichwa cheusi. Wanakua haraka, wanauzika, lakini manyoya yao huwezi kufuma nayo hata soksi. Na Dorper dume akiingia kwenye kundi la sufu, basi. Wanaozaliwa wanatoka na nywele ngumu kama za mbuzi, na hiyo mbegu huirudishi tena.

Mimi nilikataa Dorper. Watu wakasema mama Wanjiru ana kichwa kigumu. Ni kweli ninacho.

Halafu mzee wangu akafariki. Binti yangu Wanjiru akaniita huku nimsaidie watoto, kwa sababu kazi yake ya usafi kule uwanja wa ndege inaanza watu wengine wakiwa bado wamelala, na mwanamume aliyezaa naye alishaenda zake. Nikaja. Kondoo nikamwachia kitinda mimba wangu, Kariuki. Nikamwambia neno moja tu, usiniharibie mbegu.

Akasema ndiyo mami.

Sasa sikilizeni. Mtu akiwa hapa miaka kadhaa, kuna mambo anazoea. Nimezoea tunnelbana, treni ya chini ya ardhi. Nimezoea wajukuu kunijibu Kiswidi nikiwauliza Kiswahili. Yule mdogo amepewa jina langu, namwita wajina, na hata yeye nikimtuma kijiko ananiambia vänta, yaani ningoje. Kumngojesha shosho. Nimezoea hata hilo.

Kitu ambacho sijazoea ni kukosa mnyama wa kuamka kwa ajili yake. Unaamka, unavaa, unasimama dirishani. Chini kuna magari yamefunikwa theluji. Hakuna anayelia njaa isipokuwa watoto, nao wanakula vitu vya kwenye boksi.

Siku moja Wanjiru alinipeleka kwa mwenzake wa kazini, mama mmoja wa Kiswidi anayeishi shambani mbele ya Märsta. Sikuambiwa kuna nini huko. Nikashuka kwenye gari nikasikia sauti ya kondoo.

Wakuu, nilisimama pale pale.

Walikuwa wamekatwa manyoya karibuni. Yule mama akatuonyesha ghala, na kwenye kona kulikuwa na magunia yamejaa sufu. Nikaingiza mkono. Sufu nzuri, ina mafuta yake, ndefu. Nikamwuliza Wanjiru amwulize inauzwa wapi.

Wakaongea. Wanjiru akanigeukia akaniambia haiuzwi, hakuna anayeihitaji, ile ni ya kutupa. Serikali inamsaidia huyu mama kwa sababu kondoo wanakula nyasi, mashamba yasigeuke msitu. Sufu si kitu.

Nikasema hapana, uliza tena. Akauliza tena. Jibu likawa lile lile.

Niliomba gunia moja. Yule mama alifurahi kuliko mimi. Tukarudi nalo na treni, pendeltåg, mimi nimelishika miguuni kama mtoto. Behewa lote lilinukia. Watu wakahama viti, na Wanjiru akawa anaangalia dirishani kama hanijui. Wajina akaniambia, kwa Kiswahili safi siku hiyo, "Shosho, unatuaibisha."

Nilimwambia aibu ni kutupa.

Niliiosha sufu ile kwenye bafu. Bomba likaziba. Hayo tuyaache.

Baada ya hapo ndipo Kariuki akapiga simu.

Alikuwa na furaha, na Kariuki si mtu wa furaha kwenye simu, huwa anapiga wakati wa shida. Akasema kaunti imetangaza ruzuku kwa wafugaji wa sufu na wa mohair. Kwa vijana wasiojua, ruzuku ni msaada wa serikali kwa mzalishaji, mnaita subsidy. Na mohair ni manyoya ya mbuzi fulani mwenye nywele ndefu zinazong'aa. Kwetu walikuwa nao watu wachache sana.

Akasema lori litarudi. Akasema wataleta madume safi wa sufu, dawa za kuogesha, na mtu atalipwa nyongeza kwa kila gunia. Maafisa watapita boma kwa boma kuona kondoo kwa macho yao, na wanaotangulizwa ni wale wafugaji wa zamani, wanaojulikana na kijiji.

"Na nani anajulikana kuliko wewe, mami," akasema. "Njoo. Hata kwa mwezi mmoja. Njoo uwepo."

Sitawaficha. Niliweka simu chini nikaenda chooni nikajifungia.

Tangu nije huku hakuna mtu aliyewahi kuniambia njoo. Waliniambia kaa hapo mami, hapo ni pazuri, kuna hospitali. Hata waliponipenda walinipenda nikiwa mbali. Sasa ilikuwa ni njoo, na ilikuwa kwa ajili ya kazi ninayoijua, si kwa ajili ya matanga ya mtu.

Mkuu mmoja naona ameshaniuliza hapo chini kwa nini sikuwa narudi kila mwaka kama wengine. Wewe mwanangu, nani atawapeleka watoto shule wakati mama yao yuko Märsta anapangusa sakafu? Ngoja nimalize.

Basi, nikaanza kujiandaa. Wanjiru akaongea na kazini abadilishiwe zamu. Nikawaambia watu wa kanisani kwetu Spånga. Hilo ndilo kosa la kila mtu wetu, kusema mapema. Mizigo ikaanza kuingia. Viatu vya binamu wa fulani. Dawa za presha za mama wa fulani. Simu mbili zilizofungwa kwenye soksi. Mrundi mmoja akaleta koti kubwa la kumpelekea ndugu yake Nairobi, koti lenyewe lina uzito kama mimi. Sebule ikawa kama stoo ya posta.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mama Furaha, alikuwa anashuka kila jioni kuangalia mizigo na kunicheka. Mama Furaha ni Mkongo, wa kule milimani mashariki, watu wa ng'ombe. Akaniambia kwao mtu analilia ng'ombe, hajawahi kuona mtu mzima analilia kondoo. Nilipomweleza mbuzi wa mohair akacheka mpaka akashika ukuta. Mbuzi yenye nywele ya muzungu, akasema, nayo mutaisuka ao mutaikata?

Nilikuwa na furaha, wakuu. Niseme tu. Nilikuwa naamka nikiwa na kitu cha kufikiria.

Jumapili moja baada ya kanisa nikamwambia Kariuki anionyeshe kondoo kwenye video. Kwa muda mrefu alikuwa ananipigia video akiwa ndani ya nyumba, au barabarani, au mtandao ni mbaya. Siku hiyo alikubali bila neno.

Nikaweka simu mezani, nikaiegemeza kwenye kikombe. Wanjiru alikuwa pembeni yangu, wajina mapajani.

Akageuza simu. Nikaona boma langu. Nikaona lango, lile la mbao lililoinama. Halafu nikaona kondoo, weupe, wanene, sufu imejaa mpaka machoni. Wengi kuliko niliowaacha.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Wanjiru akanishika bega.

Nikamwambia Kariuki amshike mmoja, afungue sufu begani kwa mikono miwili nione ndani. Akampa mtoto wake simu, akafungua. Ilikuwa safi, rangi ya maziwa ya kwanza. Nikasema mwanangu, umefanya kazi. Yule kondoo akatingisha kichwa, sikio likaja mbele ya simu.

Lilikuwa limepasuliwa katikati.

Hapa lazima niwaeleze vijana. Kwetu kila nyumba ina alama yake ya masikio. Mwanakondoo akizaliwa anakatwa, na hiyo alama inamfuata mpaka mwisho. Sisi nyumba yetu tunakata ncha. Sikio lililopasuliwa katikati ni la nyumba ya Githinji, jirani yetu ng'ambo ya mto.

Sasa kondoo wa mtu mwingine kuonekana bomani kwako si dhambi. Kwetu watu huwekeana mifugo. Ukiwa na kondoo wengi unampelekea rafiki baadhi, anakaa nao, anakula jasho lake katika watoto watakaozaliwa, na ugonjwa ukipita kwako unajua kwa rafiki wamepona. Ni jambo zuri na la kuheshimiana. Mimi mwenyewe nimewekewa na nimeweka.

Kwa hiyo sikupiga kelele. Nikauliza kwa upole, Githinji ametuwekea kondoo? Akasema ndiyo mami. Nikamwambia vizuri, sasa nionyeshe wetu.

Akasema hao ndio walio karibu.

Nikamwambia mshike mwingine. Limepasuliwa. Mwingine. Limepasuliwa. Nikamwambia mnyang'anye mtoto huyo simu, shika mwenyewe, nataka kuona uso wako.

Akashika. Hakuniangalia.

Ikatoka polepole, kama mtu anayetapika. Wetu alikuwa ameshawapandisha kwa Dorper, mwaka ule ule wa kwanza nilipoondoka. Watoto walipozaliwa vichwa vyeusi akauza baadhi yao. Wale mama wa sufu nao akawauza mmoja mmoja, kila muhula karo ikifika. Wakati wote nilipokuwa nauliza kwenye simu kondoo hawajambo, alikuwa anajibu hawajambo.

Na Githinji? Githinji alikuwa bado na kundi la sufu, na hao niliowaona waliletwa kwetu siku chache tu wazoee boma. Maafisa wangefika kwake kwanza, wawaone, waandike. Jioni kondoo wangevuka mto, na siku inayofuata maafisa wangewaona tena kwetu kama wa kwetu. Ruzuku ingeingia nyumba mbili, na Githinji angepewa kitu katika yetu. Mtu akiuliza alama, ni kuwekeana tu, nani atabisha?

Nikamwuliza, na mimi nilikuwa nije kufanya nini?

Akasema, "Mami, ukisimama hapo wewe, hakuna atakayeangalia masikio."

Nilizima simu. Sikumfokea, nilizima tu.

Wanjiru akaanza kumtetea ndugu yake. Akasema kule kila mtu anafanya hivyo, mami. Akasema serikali ilituacha na magunia barabarani na haikuomba radhi, sasa inarudi, mtu achukue chake. Akasema nikikataa, Kariuki atarudi kutuomba sisi, na hao sisi ni yeye Wanjiru, ndiye anayeamka gizani kwenda Märsta. Hakuwa mjinga. Kila neno lilikuwa na miguu.

Nikamwambia neno moja. Mimi nimejulikana kwa sufu tangu sijamzaa yeye. Sina shamba kubwa, sina elimu, sina nyumba ya ghorofa. Nina hilo. Mtu asinichukulie hilo akafunikie uongo.

Akasema, basi mizigo ya watu turudishe?

Nikatazama sebule. Lile koti la Mrundi lilikuwa limekaa kwenye kiti kama mgeni.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Nilipika, nikapeleka watoto, nikarudi. Niliwaza mambo ya ajabu. Niliwaza niende tu, nisimame, nifumbe macho. Si ningeiona nyumba? Si ningeushika ukungu ule? Maafisa ni siku moja tu, na siku nyingine zote zingekuwa zangu. Msifikiri mtu mzee hashawishiki. Anashawishika kuliko nyinyi, kwa sababu hana muda wa kungoja nafasi nyingine.

Mama Furaha akashuka, akakuta sicheki. Nikamweleza yote. Nilidhani ataniambia Kariuki ni mtoto mbaya, nilitaka aseme hivyo.

Alikaa juu ya sanduku langu. Akaniambia kwao ng'ombe waliisha kwa siku moja, na waliowachukua walichoma na nyumba. Hayo nilikuwa nayajua, alishawahi kunieleza. Halafu akasema lile ambalo sijalisahau.

"Mama Wanjiru, miye siko na mutu wa kuniita. Hata wa kunidanganya hayuko. Weye mutoto anakudanganya ili urudi, na unakasirika kabisa?"

Nilienda kuweka chai.

Nikiwa jikoni nikafikiri, huyu mwanamke hajaniambia nikubali uongo. Ananiambia kuna vitu viwili hapa na mimi nimevifunga kwenye kamba moja. Kuna uongo, na kuna kuitwa. Uongo ni wa kukataa. Kuitwa je?

Nikampigia Kariuki. Nikamwambia kondoo wa Githinji wavuke mto warudi kwao, leo, si kesho. Akasema Githinji atakasirika. Nikamwambia Githinji nilimjua akiwa hana meno, mpe simu nitaongea naye. Akasema maafisa wakija watakuta nini? Nikamwambia watakuta ulichonacho.

Akasema, na hapo sauti ikabadilika, "Mami, wewe uliondoka. Mimi nilibaki na wanyama ambao hawaliwi na hawauziki, na watoto wanafukuzwa shule. Ulitaka nifanye nini, niwavike watoto sufu?"

Hapo alikuwa na haki yake. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kuuza kwa ajili ya karo si kosa, ungeniambia ningelia siku moja yakaisha. Ulichokosa ni kuniambia hawajambo.

Nikasikia kuku.

Nikamwuliza kama kuna hata mmoja aliyebaki wa alama yetu.

Sikutegemea. Nilikuwa nauliza kama unavyouliza bei ya kitu usichonunua.

Akasema yupo mmoja. Jike mzee. Mara mbili alimpeleka sokoni na mara mbili hakuna aliyemtaka, meno yamekwisha. Akaniuliza kama kweli nataka kumwona. Akageuza simu akazunguka nyuma ya zizi.

Wakuu, yule kondoo alikuwa hajakatwa manyoya tangu niondoke.

Pale kijijini hakuna tena mtu anayekata sufu vizuri, na wa nini kumkata wakati haiuzwi? Ilikuwa imening'inia mpaka magotini, imejaa miiba na majani na matope. Huoni macho. Anatembea kama blanketi lililoamka. Wajina alicheka, akaita mwenzake aje aone. Kariuki akaishika ile sufu ya kichwani akaisogeza, na sikio likatokea.

Ncha ilikuwa imekatwa. Nilimkata mimi.

Nikamwambia Kariuki afungue begani. Juu ilikuwa uchafu mtupu. Ndani, chini kabisa karibu na ngozi, ilikuwa nyeupe, na ilikuwa inang'aa mafuta.

Niligusa kioo cha simu kwa kidole, na picha ikaganda, wajina akaniambia shosho usiguse.

Maafisa walifika. Githinji alionyesha kondoo wake, mara moja tu, kwake, akaandikishwa, na anastahili kwa sababu ndiye aliyewatunza. Kwetu walimkuta Kariuki na wale vichwa vyeusi na bibi mmoja wa sufu. Kariuki anasema walicheka, si kwa ubaya. Wakamwambia kondoo mmoja hafanyi mfugaji, na huyo hata kuzaa hawezi, na wakaenda zao. Hakuandikishwa. Labda awamu nyingine akipata mbegu, labda hakuna awamu nyingine. Sijui, na nilisema nisipojua nitasema sijui.

Githinji hajaniongelesha tangu siku hiyo. Wanjiru aliniongelesha baada ya wiki. Mizigo ya watu bado iko sebuleni, naomba wenyewe wawe na subira.

Sasa somo, maana najua vijana mnaruka mpaka mwisho.

Mkiwa huku, nyumbani hawatawaambia kila kitu. Si kwa sababu hawawapendi. Ni kwa sababu mnauliza hawajambo kwa namna ambayo jibu lake ni moja tu. Ulizeni vizuri. Mwambie mtu wako niambie hata kama ni baya, na akikuambia usimpigie kelele, la sivyo mara nyingine atakuambia hawajambo.

La pili, serikali ikileta ruzuku pokeeni, ni haki yenu, mimi siwezi kusema kinyume. Lori lingekuja mapema kidogo ningekuwa nimekaa kwenye boma langu sasa hivi na nisingekuwa hapa naandika. Lakini jina lako usilikopeshe. Pesa ukiikopesha hurudi au hairudi. Jina likitoka halirudi kama lilivyokuwa.

Na la tatu si somo, ni uchungu tu. Kitu unachokililia nyumbani, inawezekana hakipo tena. Mimi nilikuwa naona kundi zima nikifumba macho. Nilikuwa nawahesabu ili nipate usingizi. Walikuwa wameshakwisha siku nyingi, mimi nahesabu. Bado nawahesabu.

Waliopitia kama haya semeni hapo chini, niwasome. Wenye kujua mtu anayeuza dume na majike safi wa sufu, si Dorper, si nusu, semeni pia. Watakaokuja kunitukana kwamba nimemnyima mtoto wangu riziki, njooni tu, nimezaa, siogopi maneno.

Juzi Kariuki alipiga. Aliuliza taratibu, kama mtu anayegonga mlango. Akasema mami, ruzuku imepita, kondoo wako hawapo, sasa huna cha kuja kufanya, na mchinjaji wa kijijini amekubali kumchukua yule jike mzee kwa bei ya ngozi.

Nikaweka simu katikati ya meza. Nikamwita Wanjiru, nikawaita watoto, nikawaambia wanyamaze kwa lugha zao zote. Nikasema:

"Huyo kondoo hauzwi na hachinjwi. Asiguswe na makasi ya mtu. Wanjiru, leo kabla ya kulala ununue tiketi yangu. Na wewe Kariuki, siku nikifika usije barabarani kunipokea na maneno. Nikute umekaa chini zizini umemshika kichwa, mimi nikate."